Mteja akisema kifua kinabana: jinsi ya kuuingiza mwili kwenye kikao cha ushauri

Hapa Tanga mtu haji ofisini akakwambia nina sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito. Hilo neno lenyewe ukilitamka Ngamiani watu wanakuangalia tu. Anakuja anasema kifua kinabana, roho iko juu juu, mgongo unawaka moto, kuna kitu kinatembea hapa kinapanda mpaka kooni kinashuka, tumbo limejaa gesi mwezi wa sita huu, na ameshapita kote, duka la dawa, hospitali, kwa shehe, kwa mzee mmoja Pangani, vipimo vyote vinasoma safi. Sasa sie tuliosomea ushauri tunamuuliza "unajisikiaje?", anajibu kifua kinabana, tunaandika kwenye faili mteja bado hajaweza kueleza hisia zake. Jamani, ameshaeleza!

Naandika haya kwa makaunsela wenzangu, maafisa ustawi, manesi wa kliniki, na yeyote ambaye kazi yake ni kukaa na watu na kuwasikiliza. Siyo kozi, na kama hujasomea ushauri kabisa soma ujue lakini usiende kumfanyia jirani yako aliyebakwa au aliyenusurika ajali. Mifano yote nimechanganya watu watatu wanne nikabadili na mambo, kwa hiyo usihangaike kumtafuta mtu.

Nianze na aibu yangu.

Nilipoanza kazi nilikuwa na karatasi ya semina, imeandikwa fumba macho, vuta pumzi ndefu sana, shikilia, toa, rudia mara 20. Akaja mama mmoja wa makamo, anauza samaki soko la Deep Sea, kifua kinambana tangu mwanawe wa pili alipotoka na chombo asirudi. Mie na karatasi yangu, mama fumba macho, vuta pumzi. Akavuta. Akavuta tena kwa nguvu zaidi, maana mtu mwenye adabu zake akiambiwa na mtaalamu anatii. Dakika mbili tatu midomo inamfa ganzi, vidole vimekakamaa vimejikunja kama makucha, macho yamemtoka, ananiambia "mwanangu umenifanyia nini?" Akachukua mkoba wake akaondoka.

Wala halikuwa pepo. Ukipumua kwa nguvu kuliko mwili unavyohitaji unatoa hewa ukaa nyingi kupita kiasi, kemia ya damu inabadilika kidogo, mishipa ya damu inayokwenda ubongoni inajibana, ndo unapata kizunguzungu na ganzi ya midomo na vidole kukakamaa. Yaani mtu alikuja na wasiwasi nikamtengenezea paniki kamili, hofu ya ghafla ya mwili mzima, juu ya kiti changu. Na kumfumbisha macho mtu ambaye kila akifumba anaona bahari, hilo ni kosa la pili, nalo halikuandikwa kwenye karatasi.

Alirudi baada ya wiki tatu. Mengi ya humu nimejifunza kwake. Na kama utashika kitu kimoja tu katika yote haya basi kiwe hiki: anzia pale mwili ulipo sawa, nenda kwenye maumivu kidogo, rudi, na yeye mteja ndo awe nahodha.

Hospitali kwanza

Kabla hujagusa chochote uliza amepimwa? Maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au kwenye taya na jasho jembamba, kukosa pumzi akilala, kuzimia, ganzi ya upande mmoja, kukonda bila sababu, hayo ni ya daktari tena haraka. Moyo kwenda mbio siku nzima na mikono kutetemeka inaweza kuwa tezi ya shingo, kuchoka na kuhema inaweza kuwa damu ndogo, na dada wa miaka 25 anayesikia kichefuchefu cha asubuhi na "roho nzito" muulize kuhusu siku zake kabla hujaanza kumchambua utoto wake. Hospitali ya Bombo ipo pale, bajaji inamfikisha, hakuna sababu ya kubahatisha.

Na vipimo vikitoka safi usimwambie "huna ugonjwa, ni mawazo tu". Hiyo "tu" imeumiza watu wengi mno. Maumivu anayo kweli. Mie huwa nawaambia hivi: mwili una mlinzi wa usiku. Mlinzi alishaibiwa mara moja, sasa anapuliza filimbi hata paka akipita. Filimbi ikilia moyo unaenda mbio, damu inakwenda kwenye misuli ya kukimbilia, tumbo linasimamisha kazi, shingo inakaza. Mmarekani mmoja Walter Cannon aliandika haya mwaka 1915, jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia, na wateja wanapenda kusikia kwamba ni jambo linalojulikana zaidi ya miaka 100, siyo kwamba wao ndo wamerukwa na akili. Kazi yetu siyo kumfukuza mlinzi, ni kumwonyesha kwamba yule ni paka.

Chumba

Nitapita haraka. Kiti cha kawaida chenye miguu imara, nyayo za mteja zifike sakafuni, bibi mfupi mwekee kigoda. Asikae kaupa mlango mgongo. Mwanamume na mwanamke, mlango uwe nusu wazi au mtu wake akae barazani, mmoja mmoja muulize anavyotaka. Hizo picha za intaneti za mtu kalala kwenye godoro na mishumaa imewashwa sahau, mama na buibui lake hatajilaza mbele yako na wala huna haja hiyo. Na umeme ukikatika mwezi wa pili feni ikasimama, ahirisha mambo ya pumzi, mtu tayari anahema kwa joto utajuaje kipi ni kipi.

Uliza kwa lugha yetu

Kiswahili kimetupa zawadi ambayo hatuitumii. Sisi tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia harufu, tunasikia uchungu, tunasikia sauti, neno ni hilohilo moja. Kwa hiyo badala ya "unajisikiaje", ambalo mtu analijibu "nzuri tu" kama salamu, uliza "sasa hivi hapa ulipokaa, mwilini unasikia nini, na wapi?" Halafu nyamaza. Nyamaza kweli, usimpe majibu. Akisema kifuani, muulize kinabana kama nini, kina joto au baridi, kimekaa palepale au kinatembea.

Wengi wanafundishwa kuuliza kwa namba, sifuri mpaka kumi. Inafanya kazi kwa waliozoea shule, lakini wengine wanakutajia namba ya kukuridhisha. Mie natumia matunda. Hilo jambo kifuani leo ni ndimu, ni chungwa la Muheza, au ni fenesi? Watu wanacheka, na kicheko chenyewe tayari kimelegeza mabega, halafu wiki ijayo anakwambia mwenyewe "leo limerudi chungwa" na wote wawili mnajua mnaongelea nini.

Baada ya hapo liulize swali ambalo ndo linasahaulika kuliko yote: na wapi mwilini pako sawa? Hata kisigino, hata sikio. Usiruke hatua hii hata kama una dakika 20 tu. Mtu aliyeumwa miezi sita hajawahi kuulizwa hilo na yeyote, wote walimuuliza panauma wapi. Huko palipo sawa ndo bandari, mtatoka hapo na mtarudi hapo.

Mikono ya mama wa ukili

Yule mama wa samaki mara ya pili alipokuja alikuwa na mfuko wa ukindu, maana asubuhi anauza samaki na mchana anasuka ukili wa mikeka. Alikuwa anaogopa kuanza tena, nikaona. Nikamwambia mama leo hatufumbi macho wala hatuvuti pumzi, wewe suka.

Akasuka. Ukindu ulikuwa umeloweshwa kidogo, analaza mmoja juu ya mwenzake, anaupitisha chini, anaubana kwa dole gumba, anaongeza mwingine. Nikakaa kimya labda dakika tano, nje baiskeli zinapita na muuza kahawa anagonganisha vikombe vyake. Nikamuuliza vidole vinasikia nini. Akasema "unyevu. Ila huu mmoja mkavu, utakatika." Nikamuuliza na kifua? Akafikiri. "Kipo. Lakini kimerudi nyuma."

Hapo tu ndo nikamwuliza kuhusu chombo. Akaanza, siku ile upepo ulikuwaje, alimpa nini cha kula, na nikaona vidole vimesimama, ukili umening'inia, pumzi imekwenda juu kwenye mabega. Sikumsukuma amalizie. Nikamwambia mama, huo ukindu mkavu umeutoa? Akautazama, akautoa, akaweka mwingine, akasuka kama mara sita saba, mabega yakashuka. Kisha yeye mwenyewe akarudi kwenye hadithi pale alipoachia. Tulikwenda na kurudi hivyo mara nne siku ile. Hakumaliza hadithi, na aliondoka akiwa amekaa vizuri mwilini mwake kuliko alivyokuja.

Wenye nadharia wana majina ya kitu hiki, Peter Levine wa Marekani ndo anajulikana zaidi kwa huko kwenda na kurudi na kuchukua maumivu tone kwa tone. Ukishaona inavyofanyika hutahitaji jina. Unachohitaji ni macho: angalia mikono, angalia mabega, angalia rangi ya midomo na kasi ya maneno. Na tafuta, kila mtu ana ukili wake. Fundi cherehani ana kitambaa, mvuvi mpe kamba uone vidole vinavyojua vyenyewe fundo, mwenye tasbihi anazo punje zake. Asiye na chochote, nyayo sakafuni, akandamize kisigino cha kulia kisha cha kushoto, taratibu, kama anakanyaga pedali, na kwa mji huu wa baiskeli hakuna asiyejua hiyo.

Pumzi, na kwa nini nazungumzia kahawa

Pumzi inakuja baada ya mikono na miguu, siyo kabla. Na inaanza kwa kutoa.

Ukivuta, moyo kwa kawaida unaongeza kasi kidogo, ukitoa unapunguza, na breki hiyo inaendeshwa na neva ndefu inayoitwa vagasi, inatoka ubongoni inapita shingoni inashuka kifuani mpaka tumboni. Kwa hiyo faida kubwa iko kwenye kutoa pumzi taratibu, siyo kwenye kujaza kifua. Sasa ukimwambia mtu "toa pumzi kwa muda mrefu" anakodoa. Mwambie shika kikombe cha kahawa chungu, kile kidogo, moto kweli, poza. Kila mtu wa pwani anajua kupoza kahawa: midomo inakusanyika, unapuliza pole pole, ukipuliza kwa nguvu inamwagika. Hapo umeshamfundisha kila kitu. Hewa ya kuvuta itaingia yenyewe kwa pua, avute ya kawaida tu, hesabu ya tatu au nne, atoe kwa tano au sita. Ikija kuwa kama pumzi sita kwa dakika ni vizuri lakini usimwekee saa, akianza kushindana na saa mmeharibu. Dakika tatu zinatosha. Macho wazi, anaweza kutazama kitu kimoja pale chini. Akisikia kizunguzungu au ganzi aache, apumue kawaida, mzungumze habari nyingine.

Mwambie afanye nyumbani wakati yuko sawa, baada ya swala ya alfajiri au akisubiri chai ichemke, siyo ajaribu mara ya kwanza usiku wa manane wakati roho inadunda. Hujifunzi kuogelea siku chombo kinazama.

Na hapo kwenye dini usijifanye huoni. Herbert Benson wa Harvard aliyeandika mwaka 1975 kuhusu mwili kutulia alisema neno au sala fupi inayorudiwa rudiwa, na mawazo yakiingia usipigane nayo unarudi tu kwenye neno, inatosha kuushusha mwili, na mtu achague neno la imani yake mwenyewe. Watu wetu wanavuta uradi na kusali rozari tangu zamani. Usimfundishe bibi wa miaka 70 kitu anachokijua kuliko wewe, muulize tu akivuta uradi wake mwili unakuwaje, na ajenge hapo.

Kukamua tui

Kuna wateja ambao ukiwaambia tulia ndo wanakaza zaidi. Kwao anza kwa kukaza. Hii ni ya daktari Edmund Jacobson wa Chicago, kitabu chake kilitoka mwaka 1929, hoja yake ni kwamba mtu hajui misuli yake imekaza mpaka aikaze makusudi halafu aiachie asikie tofauti.

Mie sitaji majina ya misuli. Mikono: unakamua tui, kifumbu kimejaa nazi, kamua, kamua, hesabu mpaka tano au saba, haya achia. Sasa sikia mikono, nusu dakika nzima. Mabega: umebeba ndoo mbili za maji kutoka bombani, mabega yamekwenda masikioni, haya zitue. Uso: umelamba ndimu. Miguu: umekwama kwenye tope la mikoko unabana vidole ndara isikutoke, haya achia. Kukaza ni muda mfupi, kuachia ni muda mrefu, watu wanafanya kinyume. Asibane pumzi wakati wa kukaza hasa mwenye presha, na sehemu iliyovunjika au iliyopasuliwa karibuni iruke. Mjamzito akaze kidogo tu na tumbo aliache.

Sasa hapa kuna kituko kizuri. Kuna watu ambao kuwatuliza ni kosa. Yule anayeona damu au sindano akaanguka, huyo presha yake inashuka ghafla, ukimwambia legea utamwangusha haraka zaidi. Msweden Lars-Göran Öst aliwatengenezea kinyume chake: kaza mikono, mapaja na tumbo kwa sekunde 10 mpaka 15 hadi usikie uso umepata joto, achia sekunde 20 mpaka 30 bila kulegea kabisa, rudia mara tano. Nilimfundisha kijana mmoja aliyekuwa anakimbia kliniki tangu darasa la tatu, akaja akachomwa sindano ya pepopunda amekaa wima, anakamua tui kimoyomoyo.

Pumzi ikigeuka hirizi

Mwenye paniki, yule anayesikia moyo ukidunda akajua anakufa, ana shida moja ya ziada: anauogopa mwili wake wenyewe. Ukimpa kahawa ya kupoza atafurahi, mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu hawezi kupanda daladala bila kupuliza, hawezi kuingia sokoni, anahesabu pumzi kila mahali, na siku akisahau kuhesabu anaamini ndo atakufa. Hapo pumzi imekuwa hirizi.

Kwa huyo njia ni kumzoesha zile dalili zenyewe, makusudi, mkiwa pamoja, na ameshapimwa moyo na hana pumu wala kifafa wala mimba. Mnakimbia palepale dakika moja. Moyo unadunda. Hapoozi kahawa! Anakaa anausikiliza unavyodunda na unavyoshuka wenyewe bila yeye kufanya lolote, mnarudia, mnarudia mpaka anachoka kuogopa. Hii ndo sehemu ya tiba ya paniki inayopewa uzito sana na wataalamu na ndo sehemu ambayo sisi wapole wa pwani tunaikwepa, maana hatupendi kumwona mgeni wetu akihangaika. Mie nakimbia naye. Mama mmoja jirani wa ofisi alishawahi kuchungulia dirishani akauliza kuna nini, nikamwambia mazoezi.

Ukiona hivi, umezidisha

Mwili unazidiwa kwa njia mbili na watu wengi wanaijua moja tu. Ya kwanza iko wazi, anahema, anatetemeka, macho yanazunguka chumba, anataka kutoka. Ya pili ni ya kimya na ndo inatuponyoka: sauti inashuka, macho yanaganda sehemu moja, anajibu "sawa" "sawa", mikono ya baridi, anapiga miayo, uso hauna mtu. Makaunsela wageni wanafikiri ametulia. Hajatulia, ameondoka.

Kote kuwili unafanya yaleyale, unaacha hadithi palepale, hata kama ilikuwa imefika patamu. Mwite jina lake, kwa heshima yake, mama fulani, mzee fulani. Mwambie leo ni siku gani na yuko ofisini Tanga. Atazame chumba akutajie vitu vitatu vya rangi ya bluu. Asimame, akanyage, anywe maji, aoshe uso. Kijana mmoja aliyegongwa na bodaboda barabara ya Pangani alikuwa akisikia honi nje anaganda kabisa, tulichofanya ni kusimama dirishani akanitajia kila honi ni ya nini, hii bajaji, hii Noah, hii ya muuza barafu, mpaka honi zikawa za watu wengine siyo ile moja.

Usimguse bila kumuuliza, na ukiuliza mwachie nafasi halisi ya kukataa. Mara nyingi mie sigusi kabisa, mkono wa kuweka tumboni ni wake mwenyewe, kwenye nguo yake mwenyewe. Kuna watu wanajiita wataalamu wa mwili wanaanza kukanda mabega kikao cha kwanza. Kimbia hao.

Kuhusu pepo

Litakuja tu. Mtu akitetemeka ofisini kwako atauliza au ndugu yake atauliza, huyu hajapandwa? Usibishane. Pwani hii watu wanapungwa kwa ngoma tangu enzi, na ukiangalia bila dharau unaona kuna mwili mle, kuna mdundo, kuna moshi wa udi, kuna watu wanaomshika asianguke. Simwigizi mganga na simtukani. Nasema mie ninachofanya ni hiki, unatoa pumzi, unasikia miguu, tunaongea, hakuna dawa hakuna maneno ya siri, na nikimaliza kueleza nawaalika ndugu wakae waone zoezi moja wakitaka. Ila nikisikia amefungwa kamba, anapigwa, au dawa zake za kifafa zimesimamishwa, hapo siwi mpole tena.

Na ya wazungu nayo yapime vilevile. Kuna nadharia za neva zinazouzwa kwenye kozi ghali kana kwamba zimethibitishwa kila herufi, ile ya Stephen Porges kuhusu vagasi kwa mfano wanasayansi wenzake bado wanaibishania sana, japo makaunsela wengi wanaipenda. Kwa watu waliopata trauma, yaani majeraha ya nafsi, Shirika la Afya Duniani mwaka 2013 lilipendekeza tiba ya kubadili fikra na tabia iliyolenga trauma, pamoja na ile ya kusogeza macho inayoitwa EMDR. Haya ya kahawa na ukili na kifumbu yanamfikisha mteja mahali anapoweza kuifanya kazi hiyo bila kuzama, hayachukui nafasi yake. Mteja anayesikia sauti, anayetaka kujiua, au ambaye hali wala halali wiki nzima, mpeleke kitengo cha afya ya akili, tena mpeleke, usimwelekeze tu njia.

Dakika kumi za mwisho

Hizi zilinde kama pesa ya kodi. Dakika kumi kabla ya muda kwisha hakuna kufungua jipya, hata akisema "halafu kuna kitu sijawahi kumwambia mtu", na atasema, wanasemaga wakiwa wameshika kitasa. Mwambie nimesikia, kinatufaa, tutaanza nacho wiki ijayo, kiandike au nikiandike mie. Muulize tunda. Muulize pale palipo sawa bado pako sawa. Mpe zoezi moja tu la kwenda nalo, moja, siyo manne, na akuonyeshe analifanyaje kabla hajaondoka maana mdomoni kila mtu anajua.

Kisha namsindikiza mpaka nje, kwenye baiskeli yake au kituoni, na namuuliza anapita njia gani kurudi. Mama wa ukili huwa anasema nakata Barabara ya Kumi na Mbili, nashuka mpaka sokoni, nanunua nazi mbili na mbaazi, nafika. Akiitaja hivyo, na nazi zake ndani, namwacha aende. Siku moja alisema "naenda nyumbani" tu, akitazama juu ya bega langu. Tulirudi ndani tukakaa dakika 15 nyingine, na ukindu.